Fundi aliyeziba madirisha ya chumba namba tatu

Saa mbili na robo asubuhi, Lukmani Farhan yuko getini na vifaa vyake vimetandazwa juu ya meza ya mbao. Koplo Antoni anavihesabu kimoja kimoja na kuandika: grenda moja, diski tano za kukatia, nyundo, patasi, miwani, glovu jozi moja, waya wa umeme wa mita ishirini.

"Diski tano zinaingia, tano zinatoka," anasema Koplo. "Hata ikivunjika, nataka vipande vyake."

"Vitatoka vyote, afande."

"Na wewe utoke," anatania Koplo, kisha anacheka peke yake.

Lukmani hacheki. Ni mtu wa miaka arobaini na mmoja, mrefu, mwembamba, mikono yake ina madoa ya cheche mpaka viwikoni. Asubuhi hii mikono hiyo ameificha kwenye mifuko ya ovaroli.

Kazi iliyo mbele yake, kwa fundi wa kuchomelea mwenye uzoefu wake, ni ya nusu siku. Anatakiwa kukata mabati mazito matatu yaliyoziba madirisha ya chumba namba tatu katika gereza dogo la mahabusu, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Kwa makubaliano na uongozi, jina la gereza halitatajwa hapa.

Ameiahirisha mara tatu. Mara ya kwanza alisema diski zimeisha. Mara ya pili umeme ulikatika kweli, akamshukuru Mungu. Mara ya tatu alifika mpaka getini, akaangalia ukuta, akageuza pikipiki na kurudi nyumbani.

Leo ni siku ya mwisho aliyopewa. Jumatatu chumba namba mbili kinaanza kukarabatiwa, na watu wake wote wanahamia namba tatu. Wakihamia kabla mabati hayajatoka, watu hamsini na sita watakuwa wanafungiwa kila siku saa kumi jioni ndani ya chumba kilichojengwa kwa watu ishirini na wanne, chini ya bati, mwezi Oktoba, bila dirisha hata moja lililo wazi.

Lukmani anajua maana ya jambo hilo kuliko yeyote aliyesimama getini. Mabati yale aliyaweka yeye.

Karakana yake iko Ilembo, kando ya barabara ya vumbi inayoelekea mashambani. Ni kibanda cha nguzo nne na paa, hakina ukuta hata mmoja. Zamani kilikuwa na kuta za mbao na mlango. Aliuondoa mlango kwanza, kisha kuta, na majirani wakadhani biashara imemwendea kombo kiasi cha kuuza mbao.

"Siwezi kufanya kazi pahali palipofungwa," anasema. "Msikitini naswali safu ya nyuma karibu na mlango. Watu wanadhani nina haraka ya kurudi kazini."

Ufundi aliurithi kwa mjomba wake, aliyekuwa akinunua vyuma chakavu mjini. Siku nzuri huingiza shilingi elfu ishirini. Wakulima wa Mpimbwe wakishauza mpunga huja kuagiza mageti na madirisha, na wakati huo siku moja inaweza kumpa hata elfu hamsini. Kwa kazi hiyo anasomesha watoto watatu. Mkubwa wao, Mwanaiddi, yuko kidato cha pili.

Yeye na mafundi wenzake wana desturi moja. Geti likikamilika, kabla halijapakwa rangi, fundi huchukua kijiti cha kuchomelea na kuandika pembeni namba yake ya simu, kwa moto, tarakimu zinazotuna juu ya chuma. Rangi haizifuti, mvua haizifuti. Mteja wa kesho akipita, geti likampendeza, anajua pa kupiga.

"Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu wangu," anasema Lukmani, na kwa mara ya kwanza katika mazungumzo haya anatabasamu.

Mwaka 2017 mahabusu wawili walikata nondo za dirisha moja la gereza lile wakatoroka. Uongozi wa wakati huo ulitaka madirisha yote tisa yazibwe haraka. Lukmani aliitwa, akalipwa laki mbili na sabini kwa kazi ya siku mbili. Mabati aliyaweka kwa ndani, kwa sababu kwa nje ukuta ni mrefu na ngazi yake haikufika.

Alipomaliza kila chumba, mkono ulikwenda wenyewe kwenye bati la katikati. Akaandika FUNDI, na chini yake tarakimu kumi.

Askari aliyekuwa akimsimamia alimtazama akacheka. "Sasa humu unamtangazia nani biashara?"

"Nikacheka na mimi," anasema Lukmani. "Mkono ulishazoea. Wallahi sikufikiria kabisa kuwa kuna watu watakaa humo wanaangalia."

Simu zilianza mwaka uliofuata. Namba ngeni, sauti ya mwanaume, mara nyingi mchana kweupe.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, karibu."

"Nyumbani kwako kuna madirisha?"

Lukmani alijua riziki imepiga hodi. "Yapo mengi, bosi wangu. Unataka saizi gani?"

Simu ikakatwa.

Mwingine alipiga akawa anapumua tu, kwa nguvu, dakika nzima, bila kusema neno. Mwingine alimporomoshea matusi ya nguoni, halafu akalia. Raya, mkewe, alipoona mumewe anatoka nje kila simu ngeni ikiita, alihitimisha kuwa kuna mwanamke.

"Nilimnunia wiki mbili," anasema Raya huku akijifuta macho kwa kicheko. "Nikawa najiuliza, mwanamke gani huyu anayetuma wanaume wampigie?"

Kwa Lukmani lilibaki fumbo mpaka Oktoba 2021.

Mwezi huo Lukmani alinunua mabomba ya chuma kwa mtu aliyemwamini. Yakagundulika kuwa yameibwa kwenye mradi wa maji. Alifikishwa mahakamani, dhamana ikawa wazi, lakini mdhamini mmoja alikuwa Sitalike kwa biashara zake na barua ya mtendaji wa mtaa ya kumtambulisha ikachelewa. Aliambiwa ni siku mbili tatu tu. Zikawa kumi na moja, na alizikaa chumba namba tatu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga. "Methali hiyo nilisoma darasa la nne," anasema. "Mwalimu akatutolea mfano wa fisi. Hakusema kama kuna siku nitakuwa mimi."

Siku ya kwanza alisimamishwa katikati ya chumba, watu arobaini na saba wakimtazama. Kiongozi wa chumba alimtaka ataje jina na kosa lake. Kisha akamwonyesha kidole juu, kwenye bati la katikati.

"Unaiona hiyo namba? Isome. Uikariri. Siku ukitoka, kabla hujala, mpigie huyo fundi."

Ndipo Lukmani alipoelewa zile simu zote, kwa mkupuo mmoja. Hakuna aliyelijua jina la fundi, kwa kuwa juu ya bati palikuwa na neno FUNDI na namba tu. Alipoulizwa kazi yake ya nje, alijibu bodaboda.

"Wakaniambia haya, kariri. Namba yangu mwenyewe! Nikajifanya nakosea. Mara ya kwanza nikakosea tarakimu ya sita, mara ya pili ya nane. Wakacheka, wakasema huyu bodaboda kichwa kigumu. Mara ya tatu nikapatia. Wakanipigia makofi."

Aliishi na siri hiyo siku zote kumi na moja, mikono kaibana kwapani ili madoa ya cheche yasionekane. Aliogopa mtu asije akauliza bodaboda gani huyu mwenye mikono ya kuungua. Aliogopa asije akaitaja namba usingizini. Na juu ya hofu ya watu ilikuwapo hofu ya hewa yenyewe, maana mlango ukifungwa saa kumi jioni, bati la juu lilikuwa limeshapata moto wa mchana kutwa na joto halikuwa na pa kutokea.

Chini ya mlango palikuwa na upenyo wa vidole viwili. Hewa ya chumba kizima iliingilia hapo. Mahabusu walikuwa na utaratibu wao ambao haukuandikwa popote: mahali pale hulala mgonjwa, na hakuna ubabe wala fedha ya kupanunua.

Mgonjwa wa wakati huo alikuwa mzee Kashinje, mkulima wa Litapunga, aliyeletwa kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Alikuwa na pumu. Kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi usiku na mchana. Aliyemwangalia ni Mwandu, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa akisubiri kesi kubwa.

Siku ya saba Lukmani alishindwa. Dakika kumi baada ya mlango kufungwa alianza kupiga mayowe na kukwaruza ukuta, mpaka kucha mbili zikang'oka. Watu wanne walimshika. Wengine walitaka kumpiga anyamaze. Ndipo sauti ya mzee Kashinje ikasikika kutoka mlangoni, ikikatikakatika.

"Mleteni huyo kijana hapa. Mimi nimezoea."

Alilazwa mahali pa mzee. Akaweka mdomo kwenye upenyo akavuta hewa ya uani, hewa yenye harufu ya majivu na maji ya sabuni, na anasema hajawahi kuonja kitu kitamu kama kile. Mzee alisogezwa katikati ya chumba.

Siku ya nane mlango ulipofungwa, Lukmani alirudi palepale mlangoni.

"Mzee hakupadai," anasema taratibu, "na mimi sikupatoa."

Saa kumi na moja jioni mzee alibanwa. Watu waligonga mlango kwa ngumi na sahani. Askari walikuja, wakafungua, wakambeba na kumkimbiza hospitali. Asubuhi yake ikaja habari kwamba amefariki. Cheti kiliandikwa pumu.

Hakuna aliyemlaumu bodaboda. Wenzake walisema Mungu kampenda zaidi. Halafu, mmoja baada ya mwingine, waliinua macho kwenye ile namba, wakaitazama, na Lukmani akaitazama pamoja nao kwa kuogopa kuwa peke yake asiyeitazama.

Siku ya kumi na moja muuza mabomba alikamatwa na kesi ya Lukmani ikaondolewa. Alipitia dukani kabla ya kufika nyumbani, akanunua laini mpya. Ile ya zamani aliivunja kwa meno. Namba hiyo iko kwenye mageti yapatayo mia mbili ya mji huu, na mwaka ule mapato yake yalishuka kwa nusu. Raya alimuuliza kwa nini anajikata mkono wake mwenyewe. Alimjibu kwamba simu inamwumiza kichwa.

Ukweli alimwambia mwaka huu tu, baada ya simu kuja kwenye namba ya Raya. Aliyepiga alikuwa mkuu mpya wa gereza, akimtafuta fundi aliyeweka mabati ili ayatoe.

Mkuu huyo, ambaye pia ameomba jina lake lisiandikwe, anasema alipofika aliingia kila chumba, akataka mlango ufungwe akiwa ndani, akakaa nusu saa. Alipotoka aliandika barua.

"Kanuni za Umoja wa Mataifa, hizi zinazoitwa Kanuni za Mandela, zinataka dirisha liwe na ukubwa wa kumwezesha mtu kusoma kwa mwanga wa mchana, na hewa safi iingie," anasema. "Watu walidhani usalama na hewa vinagombana. Weka nondo nzuri, mtu hatoroki na anapumua. Mahabusu bado hajahukumiwa. Na hata aliyehukumiwa, hakimu hakumhukumu kukosa pumzi."

Tangu afike, mgonjwa hupimwa siku ya kuingia, mahabusu wenye kesi ndogo wanatafutiwa wadhamini kwa simu ya ofisi, na nondo mpya nene zimeshawekwa madirishani kwa nje. Yalibaki mabati.

Lukmani alikataa mara mbili. Aliposikia kuwa watamtafuta fundi mwingine, na kwamba kumkagua mtu mpya kutachukua wiki tatu, alikaa kitandani akashika kichwa.

"Nikamwambia, Baba Mwanaiddi, uliyaweka wewe, wewe ndiye unajua yalivyoshika," anasema Raya. "Mwingine atamaliza Oktoba nzima anagongagonga, na watu wanakosa hewa."

Akaenda. Chumba namba moja na namba mbili alivimaliza kwa siku nne, kazi ambayo ingemchukua moja, mlango ukiwa umefungwa, huku akijikaza kisabuni. Kila alipofika kwenye bati la katikati, alianza kwa kuipitishia diski ile namba mpaka ikafutika, ndipo akakata. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Malipo, elfu ishirini kwa dirisha, ameyapokea. "Ningesema nimefanya bure mngenisifu," anasema. "Watoto wanakula."

Namba tatu ndiyo ilimshinda. Alikuwa ameambiwa kuwa Mwandu bado yumo.

Sasa Koplo Antoni anafungua mlango. Wenye chumba wako uani. Kwa kanuni, mahabusu halazimishwi kazi, kwa hiyo mshika ngazi ilibidi atafutwe wa hiari. Aliyejitolea amesimama ndani tayari, mtu mpana wa mabega, mvi zimeanza kumtoka kidevuni. Ni Mwandu. Yuko mwaka wa nne akisubiri kesi yake.

Lukmani anaingia. Nyuma yake kufuli inalia.

"Afande, ungeacha wazi kidogo."

"Grenda ikiwa ndani mlango haukai wazi, fundi. Hata ungekuwa baba yangu."

Kinachofuata Lukmani hakukipanga. Anajikuta yuko chini, shavu sakafuni, mdomo kwenye upenyo wa mlango, akivuta hewa kwa pupa. Kwa nje kinachoonekana ni ncha ya pua yake na vumbi likitawanyika. Koplo anasogeza buti pembeni, anasema, "Pole pole, fundi."

Ndani, Mwandu anainama kumtazama.

"Wewe ulishakaa humu."

"Siku kumi na moja."

"Bodaboda!" Sauti ya Mwandu inapanda. "Yule bodaboda wa kupiga kelele! Kumbe siku hizi ni fundi?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema ukweli. Lukmani anainuka, anafuta mchanga shavuni, na woga unamjibia.

"Nimejifunza," anasema.

"Umefanya vizuri. Panda basi, nimeshika."

Anapanda. Bati la kwanza, la kushoto, linachukua dakika arobaini. Cheche zinamwagika, moshi unajaa, na anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Mishono ya miaka saba iliyopita imeshika barabara, na anakiri kuwa siku hiyo alichukia ufundi wake. Bati linapoachia na kuanguka, hewa inaingia pamoja na vumbi na mwanga mkali. Mwandu, chini, anafumba macho, anafungua mdomo, na kusimama hivyo hivyo bila kuiachia ngazi.

La kulia linatoka kwa nusu saa. Linabaki la katikati.

FUNDI. Tarakimu kumi. Karibu na tarakimu ya mwisho pana alama za vidole vya watu waliowahi kupandishana mabegani ili waguse. Lukmani anabadilisha diski. Anajua kuwa nusu dakika inatosha. Anaiegemeza diski kwenye herufi ya kwanza, cheche zinaruka.

"We bodaboda! Hiyo usiifute!"

Anazima grenda. "Kwa nini?"

"Kata pembeni, hiyo ibaki nzima. Tunaitaka. Miaka minne naisoma hiyo namba. Naipiga kila siku kichwani. Nikitoka nina maneno yangu na huyo mtu."

Kutoka uani inasikika ndoo ikiburutwa. Lukmani yuko juu ya ngazi, mita tatu kutoka sakafuni, mikono yote miwili imeshika grenda, na chini yake kuna mikono ya mtu mmoja tu. Baadaye atasema kuwa uongo wa tatu ulikuwa umeshafika ulimini, umevaa na viatu.

"Mwandu."

"Ee."

"Ni yangu. Namba hiyo ni yangu. Haya mabati niliyaweka mimi."

Ngazi inacheza. Koplo Antoni anafunua kifuniko cha tundu la mlango na kuweka jicho, mkono ukiwa kwenye kufuli. Lukmani hateremki wala hashiki ukuta.

"Nilisema moyoni, akiivuta, aivute," anasimulia.

Haivutwi. Mwandu anapozungumza anazungumza chini chini, na haangalii juu.

"Mzee Kashinje alijua?"

"Hapana."

"Alikuachia pahali pake."

"Najua."

"Ukakaa siku mbili."

"Nilikaa."

"Mkewe anajua?"

"Hajui."

Mwandu anabadilisha mshiko, mguu mmoja wa ngazi anaukanyagia kwa kiatu cha matairi ili usiteleze.

"Basi kata. Ukimaliza hapa uende Litapunga. Na usiniambie pole. Hiyo si ya kwangu."

Lukmani anawasha grenda. Diski ya tatu inapasuka, kipande kinamchana shavuni, anaendelea. Saa sita na dakika kumi bati la katikati linaanguka, namba ikiwa imetazama chini. Mwandu anaiachia ngazi na kwenda kusimama kona ya mbali ya chumba.

Getini Koplo Antoni anahesabu diski nne nzima na moja ya vipande vitatu. Anaviunganisha juu ya meza mpaka duara linakamilika, ndipo anaweka saini. Bila kuulizwa anampa Lukmani kitambaa cha kujifuta damu.

Saa kumi jioni mlango wa chumba namba tatu unafungwa kama kawaida. Kupitia tundu la mlango anaonekana mahabusu mmoja aliyekaa chini ya dirisha la katikati, akiisoma hati yake ya mashtaka kwa kufuatisha kidole. Kwenye upenyo wa mlango hajalala mtu.

Mkuu wa gereza anasema Jumatatu watu watahamia, na kwamba ameshaandika kuomba chumba cha nne kijengwe, kwa sababu dirisha peke yake halipunguzi idadi ya watu. Amemwambia Lukmani kuwa kazi hiyo ikija ataitwa. Lukmani ameitikia, lakini anasema kwa sasa akili yake haijafika huko.

Akili yake iko Litapunga. Amepanga kwenda Jumapili. Ameshaulizia nyumba ya mzee Kashinje, akaambiwa mjane yupo, na watoto wanne wa kiume, watu wazima, wanalima naye. Raya amesema atafuatana naye, kwa kuwa mwanamke aliyefiwa hapelekewi neno kama hilo na mwanaume peke yake.

Hawajatoa taarifa kwamba wanakuja. "Nikimpigia nitaghairi," anasema Lukmani. Amekaa kwenye kibanda chake kisicho na kuta, kidonda cha shavuni hakijafungwa, pikipiki za Ilembo zinapita zikimpigia honi. Anaogopa, na hafichi. Ngazi ya juzi, anasema, ilikuwa na mtu mmoja chini. Kule kuna wanne na mama yao.

Hana maneno aliyoyaandaa. Hajui kama atakaribishwa kigoda au atafukuzwa na panga. Lakini kuna swali moja analolisubiri, na jibu lake amelijaribu mara nyingi akiwa peke yake mpaka anaweza kulisema lote.

"Ataniuliza siku ile mume wake anabanwa mimi nilikuwa wapi," anasema. "Nitamwambia nilikuwa nimelala pahali pake."